Kikombe cha Kwanza cha Shangazi

Shangazi hakuwahi kumuuliza mgeni amefuata nini kabla mgeni hajamaliza kikombe cha kwanza cha chai. Ungeweza kufika kwake Kikwe unahema, una habari ya msiba mdomoni, na bado angekukalisha, akaleta birika, akazungumzia mvua na ng'ombe wa jirani mpaka uone kitako cha kikombe. Hapo ndipo angejifuta mikono kwenye kanga na kusema, "Haya, sasa niambie." Siku moja alikuja kijana kumwambia kwamba upepo umeng'oa bati la stoo yake. Kijana alikunywa chai yote huku bati likipigapiga nje, na sote tukilisikia, Shangazi mwenyewe akiwa wa kwanza kulisikia.

Nilipokuwa mdogo nilidhani ni ukarimu tu. Nilipokua nikamuuliza.

"Mtu akiulizwa kabla hajatulia, anakujibu lile alilolipanga njiani," alisema. "Mimi nataka lile la chini yake."

Alikuwa dada mkubwa wa baba yangu, na mimi nina jina la baba yao, kwa sababu kwetu mjukuu wa kwanza hupewa jina la babu. Kwa hiyo aliniita Baba tangu nikiwa nanyonya. Aliniheshimu kwa jina na kunichapa kwa mkono. "Baba, futa makamasi." "Baba, nani amekuruhusu kupanda juu ya kabati?" Wageni waliokuwa hawatujui walikuwa wakicheka hadi machozi, naye hakuona cha kuchekesha. Alifundisha darasa la kwanza mpaka akastaafu, na hata baada ya hapo aliendelea kuwaona watu wote wa Kikwe kama watoto waliokaa vibaya kwenye madawati, akiwemo mchungaji.

Kwa watu wa nje alikuwa mpole kupita kiasi. Kwenye mnada baada ya ibada, zinapouzwa sadaka za mazao na mifugo, alikuwa akimnunua kuku mnyonge kuliko wote ili aliyemtoa asione aibu. Kuku hao walikuja kufia kwake mmoja baada ya mwingine, na hakuacha kuwanunua. Lakini mtu huyohuyo, neno likishamtoka, halikurudi. Aliwahi kuwaambia wanakwaya wenzake kwamba wakikipiga kile kinanda kipya kilichokuwa kikipiga kelele, yeye haimbi. Wakakipiga. Shangazi hakuacha mazoezi hata siku moja. Alivaa sare, akasimama mstari wa mbele, akashika karatasi ya wimbo, na hakufungua mdomo. Jumapili hadi Jumapili, usharika mzima ukimtazama mama mmoja amesimama katikati ya waimbaji kama picha. Kinanda kikaharibika chenyewe, kikapelekwa mjini kwa fundi, na Jumapili hiyohiyo akaimba kana kwamba hakuna kilichowahi kutokea.

Nikimwambia alegeze kidogo, jibu lake lilikuwa moja. "Nimeshasema, Baba."

Kitu alichokipenda kuliko vyote pale nyumbani kilikuwa ule uzio wa isale. Alipoolewa kutoka mlimani kuja huku chini kwenye vumbi, alibeba miche ya isale kwenye kikapu, akaipanda kuzunguka shamba, na akainywesha maji aliyooshea vyombo. Isale ni mmea wa majani marefu membamba, na sisi watu wa Mlima Meru tunauheshimu. Unaweka mpaka wa shamba, unapandwa kaburini, na kuna kazi nyingine kubwa zaidi. Mtu aliyekosa akilichuma jani lake, akalifunga fundo, akampelekea aliyemkosea, yule hawezi kukataa kusamehe. Atalia, atatukana, lakini mwisho atalipokea. Anayelikataa isale hujitafutia balaa, na sijawahi kusikia aliyelikataa. Mchungaji mmoja mgeni aliwahi kumuuliza Shangazi, yeye mzee wa kanisa, kama haoni kwamba hayo ni mambo ya kipagani. Shangazi alimsubiri amalize chai yake. "Mchungaji," akasema, "ni jani tu. Mwenye dhambi ni mimi ninayelibeba."

Sasa niseme habari ya langoni, kwa sababu bila hiyo mengine hayaeleweki.

Shangazi alikuwa na mtoto mmoja, Elibariki, rika langu. Tulisoma naye kompyuta chuo kimoja mjini, na yeye alikuwa mwepesi kuliko mimi. Baba yake alipofariki, kabla hata udongo wa kaburi haujatulia, Elibariki akapata mteja wa kipande cha chini cha shamba. Asubuhi moja mama yake akiwa kanisani, aling'oa isale za mpaka wa chini ili lori la matofali lipite. Tulirudi kutoka ibadani watu wanne: Shangazi, baba yangu, mimi, na mama jirani. Tukamkuta Elibariki amesimama nje ya lango, mikono ina udongo, na isale zimelala njiani mizizi juu.

Alitaka kueleza. Nilimwona anafungua mdomo. Shangazi hakumkaribisha akae, hakutaja chai. Alipita, akageuka akiwa ndani ya lango, akasema, "Usikanyage hapa mpaka nife."

Elibariki alisimama kidogo. Sote tulisimama, tukisubiri Shangazi aongeze neno la kulegeza. Hakuongeza. Basi Elibariki akageuka akaenda zake kuelekea barabara kubwa, na udongo wake mikononi, akiwa na nguo alizovaa tu. Kompyuta yake aliiacha juu ya kabati la sebuleni, ikichaji. Baba alimsihi dada yake jioni ile mpaka sauti ikamkauka, naye alikuwa shambani anazirudisha isale ardhini. "Nimeshasema," alijibu bila kuinua kichwa.

Miaka ikapita. Namba ya Elibariki haikupatikana tena. Mara tukasikia yuko Kahama, mara amevuka kwenda Zambia. Shangazi hakulitaja jina lake mbele za watu, lakini kompyuta ile aliifuma kitambaa cheupe cha kuifunika, na kila Jumamosi aliipangusa vumbi. Baadaye usharika ulipokosa mtu wa kuchapa matangazo ya Jumapili, alijitolea yeye. Nilimfundisha mwenyewe. Alikuwa anabonyeza herufi kwa kidole kimoja kama anayemgusa mtoto aliyelala. Mwishowe nikampelekea kile kidude cha intaneti cha kuchomeka pembeni, ili matangazo ayatume ofisini bila kutembea juani.

Tangu siku hiyo, alikuja kunieleza baadaye, kompyuta ikaanza kupata mgeni.

Hakumwambia mtu. Waliotoa siri yake ni akina mama wa kwaya, waliokwenda kwake alasiri kuchapa maneno ya wimbo. Wamekaa, chai imemiminwa, na taa ndogo ya kijani pembeni ya kamera ikawaka. Kisha mshale kwenye kioo ukasogea wenyewe. Hakuna mkono juu ya kompyuta, na mshale unatembea polepole kutoka kona hadi kona kama mtu anayepita chumbani akitazama vitu. Shangazi akaiambia kompyuta, "Karibu." Wale kina mama waliondoka bila kumaliza vikombe, jambo ambalo kwenye nyumba ile ni tusi. Kufikia Jumapili usharika mzima ulikuwa ukinong'ona habari ya pepo.

"Pepo gani?" Shangazi alikasirika alipoyasikia. "Nimefundisha watoto kusoma miaka yote, leo pepo aje kusoma matangazo yangu?"

Baba alinipigia simu nikiwa kwenye fremu yangu ya kutengeneza kompyuta, Kimandolu. Sauti yake ilikuwa ya mtu anayeona aibu. "Nenda kaifute hiyo kitu. Kabisa. Dada yangu anaongea na kompyuta."

Nikaenda. Sikuogopa hata kidogo, niseme ukweli. Nilikuwa nacheka ndani kwa ndani. Kompyuta zenye virusi ndizo zinazonilisha. Mtu anachomeka flashi iliyozunguka mtaa mzima, halafu anashangaa mafaili yamejificha.

"Shikamoo, Shangazi."

"Marahaba, Baba. Kaa."

Nikakaa, nikanywa, nikasikiliza habari za mahindi. Kikombe kilipoisha akajifuta mikono. "Haya, sasa niambie."

"Nimetumwa nije kuifuta kompyuta."

"Na wewe siku hizi unatumwa?"

"Basi angalau niiangalie, Shangazi. Isije ikawa kuna mwizi."

Akaniruhusu kuangalia. Nilipitisha programu yangu ya kusaka virusi, na virusi vilikuwepo, vya kawaida kabisa, kutoka kwenye flashi ya kwaya. Nikavifuta. Nikamwambia kwa majivuno kwamba kazi imekwisha, pepo wa kwaya ametoka. Hata yeye alicheka. Jua lilikuwa limeanza kulegea, imefika saa kumi, saa yake ya chai ya jioni. Akachukua kikombe chake, akaketi kwenye kiti chake cha mbao kinachotazama kabati.

Mgongo wake ulipogusa kiti, taa ya kamera ikawaka.

Nimeiona taa ile ikiwaka mara nyingi kuliko ninavyoweza kusema, kwenye kompyuta za watu wa kila aina. Siku ile nywele za shingoni zilinisimama. Haikuwa taa yenyewe, ilikuwa ile saa yake. Iliwaka kama mtu aliyekuwa amesubiri Shangazi akae. Shangazi akainua kikombe kidogo kuielekea, akanywa. Mimi nikarukia kidude cha intaneti nikakichomoa, na taa ikazima.

"Rudisha," alisema Shangazi. Aliisema kama mtu anayemwambia mtoto aliyemfungia mgeni mlango usoni.

Nikarudisha. Baada ya kitambo taa ikawaka tena.

Ndipo akanieleza yote. Kwamba mgeni alikuja kila siku saa ya chai, akakaa kidogo, akaondoka. Kwamba siku moja yeye mwenyewe alifungua ukurasa mtupu, akaandika kwa kidole chake kimoja, "Hujambo?" Akasubiri mpaka chai ikapoa. Halafu herufi zikaanza kutokea, moja moja, bila mkono. Ukurasa ule hakuufunga, alinionyesha. Chini ya neno lake lilikuwepo neno moja tu: "Shikamoo."

Mama jirani naye alikuwa na yake. Wiki ile Shangazi alipokuja kwetu Kimandolu kwenye harusi, aliiacha kompyuta inawaka na ufunguo akamwachia yeye. Mama jirani anaapa kwamba taa haikuzima mchana kutwa. Siku ya pili aliukuta mshale unakimbia kwenye kioo, unazunguka na kuzunguka, kama kuku aliyepoteza vifaranga. Akaifunika kwa kitambaa, akaondoka mbio, na nyumba ile hakuingia tena mpaka mwenyewe aliporudi. Shangazi aliporudi akafunua, akaketi. Mshale ukasimama palepale, na taa ikazima.

Nilichimba kompyuta ile mpaka nikaipata. Ilikuwa programu ya zamani, imejificha kwa jina la kawaida katikati ya mafaili ambayo hakuna mtu huyafungua. Mwenye neno lake la siri angeweza kuwa popote duniani, akaona kupitia kamera ile, akasikia yanayosemwa, na kuusogeza mshale. Iliwekwa tangu kompyuta ikiwa ya Elibariki. Miaka yote ililala kwa kukosa intaneti, na mimi ndiye niliyeiletea.

Shangazi alinisikiliza mikono ikiwa mapajani. "Basi ni yeye," alisema.

"Inaweza kuwa yeye. Inaweza kuwa mtu aliyeiba neno lake la siri, au aliyenunua simu yake ya zamani. Shangazi, wewe unaishi peke yako. Huyo anajua unakaa wapi, unalala saa ngapi, nani anakuja. Mtu yeyote anaweza kuandika shikamoo. Mimi naogopa. Niruhusu niifute."

"Ukiifuta, atapitia wapi?"

"Na kama siye?"

Hapo alisimama. Kisha akatoka nje. Kupitia dirishani nilimwona akienda kwenye uzio, ule wa mpaka wa chini, akachagua jani. Aliporudi lilikuwa limeshafungwa fundo. Alisimama mbele ya kabati, akalinyanyua kwa mikono miwili usawa wa kamera.

"Mwizi haijui hii," aliniambia bila kugeuka. Halafu akaiambia taa, "Mwanangu, lile neno nimelimeza. Nisamehe."

Sijawahi kuona mzazi akimpelekea mwanawe isale. Niliinamisha macho kwa sababu niliona kama nachungulia kitu kisichonihusu. Nilipoyainua, taa ilikuwa imezima.

Alibaki amesimama na jani juu mpaka mikono ikaanza kushuka. Hakuna kilichorudi. Nilimshika bega akakaa, na uso wake ulikuwa uso nisioujua, wa mtu aliyeogopa. "Amelikataa," alisema. "Baba, amelikataa isale?" 

Nililala Kikwe siku ile. Kesho yake tulishinda kutwa nzima tukijifanya tuna kazi. Ilipofika saa kumi akaketi kwenye kiti chake, na taa ikawaka. Mshale ukatembea moja kwa moja hadi kwenye ukurasa ule. Herufi zikaja moja moja, na kati ya moja na nyingine niliweza kusikia kuku wakiparua nje. Lilikuwa neno moja: "Langoni."

Mimi sikuelewa. Shangazi alielewa mara moja, akajipiga paja. "Mimi mjinga! Nimelifuta sebuleni."

Kwetu neno zito likisemwa mahali, hulifuti popote unapojisikia. Unarudi palepale uliposimama, mbele ya walewale waliolisikia, unalichukua. Yeye aliyajua hayo kuliko sisi wote, na uchungu ulimsahaulisha. Na neno lile la langoni tulilisikia watu wachache mno: sisi wanne, na aliyeambiwa. Mashaka yangu ya mwizi yaliishia hapo. Hofu yangu haikuisha. Ilizidi, maana sasa nilijua ni nani anayetutazama, na sikujua anataka nini.

Jumamosi baba alikuja. Mama jirani akaitwa, akaja akiwa ameshika Biblia kifuani. Betri ya kompyuta ile ilikuwa imekufa zamani, kwa hiyo niliunganisha waya wa umeme wa jirani, wa kanisa na wangu kutoka sebuleni hadi langoni, na bado nililazimika kusimama nimejinyoosha. Nilisimama nje, pale aliposimama Elibariki, kompyuta mikononi, kioo kikimtazama mama yake. Shangazi akasimama ndani ya lango na jani lake. Alivaa nguo ya ushirika mtakatifu. Ilikuwa mchana wa kawaida wa Kikwe, vumbi na jua, na mlima ukionekana mpaka kileleni.

Saa kumi ilipofika, taa ikawaka mikononi mwangu. Nilihisi kama kuna mtu anatazama kupitia kifua changu.

"Nilisema hapa, mbele ya hawa, usikanyage hapa mpaka nife," alisema Shangazi kwa sauti yake ya darasani. "Leo nasema hapa, mbele ya hawa. Lango liko wazi. Ingia nikiwa hai."

Taa iliendelea kuwaka. Tulisikia upepo ukipita kwenye majani ya isale. Halafu ikazima, na baba akakohoa, akasema, "Basi, dada, tupe chai."

Haikuwaka tena. Saa kumi ikaja na kupita, siku baada ya siku, na Shangazi alikaa kwenye kiti chake mbele ya kamera kipofu. Kila nikimpigia nilitaka kuuliza na nikashindwa. Yeye aliniuliza tu kama nimekula.

Majuma kadhaa baadaye ndiye aliyenipigia. "Baba, njoo uifute sasa."

"Niifute? Kwa nini?"

"Njoo tu."

Nilichukua bodaboda kutoka Usa River. Lango lilikuwa wazi, limewekewa jiwe lisijifunge. Kwenye benchi la nje alikaa mtu mwembamba, ndevu zimeanza mvi, kikombe mkononi. Ilinichukua muda kumjua Elibariki. Tulisalimiana kwa mikono miwili kama watu waliokutana msibani. Shangazi alikuwa anazunguka na birika, hajakaa, kitambaa cha kichwani kimemlegea na hajui. Akanipa kikombe. Nilipokimaliza akaniambia, "Haya, sasa niambie," nikamkumbusha kwamba ameniita mwenyewe. "Ehe. Iko kabatini."

Niliitoa nje, nikavuta waya wa umeme kutoka sebuleni, nikaanza kuifuta pale benchini. Shangazi alipoingia ndani kuongeza maji, nilimuuliza Elibariki kwa sauti ya chini.

"Ulikuwa wewe siku zote?"

"Siku moja simu yangu iliniambia ile kompyuta imeamka," alisema. "Nikafungua. Nikamwona."

"Kwa nini hukuongea?"

"Sikuwa naingia kuongea. Nilikuwa naangalia kiti."

"Kiti?"

"Alisema mpaka nife. Nikasema sawa, nitakuwa naangalia. Saa kumi huwa anakaa pale. Nikikuta kiti kina mtu, nafunga. Siku nikikuta kitupu, nakuja." Alizungusha kikombe mkononi. "Ile wiki yenu ya harusi, nilishakata tiketi ya basi."

Niliacha kubonyeza. Nilimfikiria Shangazi akiinua kikombe chake kuielekea taa ile, jioni baada ya jioni, akidhani ametembelewa.

"Na ile shikamoo?"

"Aliniuliza hujambo. Ni mama yangu. Ningemjibu nini?" Machozi yalimlengalenga, na nikaona kwamba alimpenda, na kwamba alikuwa amesubiri afe, na mambo hayo mawili yalikaa ndani ya mtu mmoja bila kusukumana.

"Umemwambia?"

"Hajaniuliza."

"Umefika lini?"

"Asubuhi."

Nikatazama jua. Lilikuwa linaelekea saa kumi. "Tangu asubuhi hajakuuliza umefuata nini?"

Elibariki akanionyesha kikombe chake. "Sijamaliza," alisema. "Kila kikifika nusu anajaza."

Shangazi alitoka na birika. Alitutazama, mmoja kisha mwingine, na nikaona amejua tulikuwa tunaongea nini, au amejua kipo. Mwanawe naye akaona. Aliinua kikombe, akaanza kukigugumia kwa haraka kama mtu anayetaka lipite, kichwa kikirudi nyuma. Shangazi aliwahi. Alimshika kifundo cha mkono, akakishusha kikombe taratibu kabla kitako hakijaonekana, akamimina mpaka chai ikafurika kwenye sahani.

"Kunywa, mwanangu," alimwambia. "Hicho bado ni cha kwanza."